Mwamba wa Pua

Bati liliruka kutoka juu ya bani la kukaushia tumbaku, katika kijiji kipya kimoja mbele ya Ipole, mchana wa upepo wa mwezi wa tisa, likampata Mwanne binti Selemani usoni. Mwanne hakuwa mkulima. Alikuwa msichana wa Ng'ambo, mjini Tabora, aliyepanda lori la tawi la chama pamoja na vijana wenzake kwenda kujitolea katika shamba la kijiji, kwa sababu mwaka ule asiyepanda lori aliulizwa kwa nini. Waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba hakupiga kelele. Aliketi chini, akafunika uso kwa viganja, na damu ikapita katikati ya vidole.

Mganga wa zahanati alishona alichoweza kushona. Kidonda kilipona, lakini kilipona vibaya. Ncha ya pua ilikuwa imekwenda, na tundu la kushoto lilikuwa limebaki wazi bila ukuta. Juu, kuanzia katikati ya macho, mwamba wa pua ulishuka umenyooka kama ulivyokuwa siku zote, kisha ukaishia ghafla. Mwanne alipolala hewa ilimkausha koo, na alipozungumza sauti ilitokea puani. Akajifunza kusema maneno machache.

Nyumbani kwao maisha yalikwenda kwa sababu hayakuwa na namna nyingine ya kwenda. Baba yake, Selemani, alitengeneza baiskeli barazani. Mama yake, Bi Kuluthumu, alikaanga vitumbua alfajiri na kuviuza mlangoni. Mwanne, ambaye zamani ndiye aliyekaa na sinia na kubishana na wateja, sasa alifanya kazi za uani, kanga ikiwa imepanda mpaka chini ya macho. Akisikia hodi aliingia chumbani. Jirani mmoja alimsifu kwa Bi Kuluthumu kwamba binti siku hizi amekuwa mtu wa dini sana. Bi Kuluthumu aliitikia, akampa kitumbua cha bure, akaingia ndani akakaa juu ya kinu bila kufanya kitu.

Lililowakosesha usingizi wazazi lilikuwa posa. Kabla ya lile bati, Mwanne alikuwa ameposwa na Mabruki, karani wa mizigo wa stesheni, kijana mpole aliyependwa na kila mtu kwa kuwa hakuwahi kumkatalia mtu neno. Harusi ilipangwa baada ya Idi. Tangu ajali Mabruki alikuja mara moja tu, akakaa barazani na Selemani, wakazungumza habari za baiskeli.

* * *

Mama yake Mabruki, Bi Sikuzani, alikuja mwenyewe alasiri moja, akiwa na ndugu yake wa kike. Walitandikiwa mkeka mpya, wakaletewa chai. Walizungumza juu ya unga usiopatikana, juu ya jamaa zao waliohamishiwa vijiji vipya wakaacha miembe yao ikiwa na matunda, na juu ya homa ya mtoto wa fulani. Chai ilipokaribia kwisha, Bi Sikuzani akaomba amwone mkwewe.

Mwanne alitoka, akapiga magoti, akaamkia.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Sikuzani. "Hebu shusha kanga nikuone."

Mwanne alimtazama mama yake. Bi Kuluthumu alikuwa akiangalia birika. Mwanne akashusha kanga.

Chumba kilikuwa na giza kidogo, hivyo Bi Sikuzani alimshika kidevu akamgeuza upande wa mlango, kwanza shavu hili, kisha lile, taratibu, kama mtu anayetafuta tundu katika sufuria. Yule ndugu yake alisema maskini, maskini, huku naye akisogea ili aone vizuri. Mwanne aliinua macho akayaweka kwenye boriti za dari na hakuyashusha mpaka alipoachiwa.

Bi Sikuzani hakuwa mwanamke mbaya. Alimfunika Mwanne kwa mkono wake mwenyewe, akampapasa bega. Kisha akaeleza kwamba wao hawajarudi nyuma katika neno lao. Ila Mabruki alikuwa amepata uhamisho wa Kigoma, na harusi haiwezi tena kusogezwa. Alikuwa amesikia kwamba katika hospitali ya misheni amekuja daktari wa kupasua, hodari wa nyuso, naye hatakaa sana. Binti akitengenezwa kabla ya Idi, mambo yatakuwa kama yalivyokuwa.

"Nasema hivi kwa ajili yenu na kwa ajili yetu," alimalizia. "Watu watakuja kumtazama bibi harusi. Ndiyo kazi yao siku hiyo."

Walipoondoka Bi Kuluthumu aliosha vikombe, na vilipokwisha kutakata akaviosha tena.

* * *

Selemani alifunga baraza, jambo alilolifanya kwa misiba tu, akaenda na binti yake hospitali. Walipanda lori la magogo lililokuwa likielekea upande ule, wakafika wamejaa vumbi, wakakaa kwenye benchi pamoja na watu wenye nyuso za kila aina: mtoto mwenye mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa, mzee aliyeng'atwa na fisi akilinda shamba, mwanamke aliyeungua moto. Kwa mara ya kwanza tangu ajali Mwanne aliona watu wakimpita kwa macho bila kurudia kumtazama. Alitamani benchi lile liwe refu zaidi.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mwenye macho mekundu ya uchovu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, hivyo maneno yake yalipitia kwa muuguzi, Marcelina, mwanamke wa Kigwa mwenye sauti ya chini. Alimbonyeza Mwanne kwa kidole kati ya macho, akashuka polepole mpaka pale pua ilipoishia. Akasema mfupa haukuguswa hata kidogo. Mwamba ni mzima.

Kisha Marcelina akaeleza kwamba zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya upesi. Daktari ataupunguza ule mwamba, aushushe mpaka ulingane na kilichobaki chini yake, kisha avute ngozi ya mashavu azibe tundu. Itakuwa pua fupi, ya kubonyea, lakini itapona mapema na watu hawatashtuka. Ya pili ni ndefu. Mwamba utaachwa kama ulivyo. Daktari atakata ulimi wa ngozi kwenye paji la uso, ataugeuza na kuushusha mpaka kwenye ncha, na ndani yake ataweka kipande cha gegedu la sikio ili isianguke. Lakini ulimi ule hautakatwa pale juu kwanza. Utabaki ukining'inia katikati ya macho kwa wiki tatu, unywe damu ya juu mpaka ujifunze kunywa ya chini. Ndipo arudishwe mezani ukatwe. Paji litabaki na kovu, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba pua itakuwa nzuri.

"Hiyo ya pili itapona kabla ya Idi?" Selemani aliuliza.

Marcelina hakuwa na haja ya kumuuliza daktari. Alisema haitapona.

Selemani akaanza kumweleza muuguzi habari ya babu yake, Mfaume, aliyefika Tabora kutoka pwani na misafara, akaoa hapa, akazikwa hapa. Alisema pua hii ni ya Mfaume. Ng'ambo nzima, mtu akiiona, anajua huyu ni wa nyumba gani. Marcelina alimsikiliza mpaka mwisho na hakumtafsiria daktari hata neno moja. Akamwambia kwamba chumba cha kupasulia kina nafasi wiki ijayo, warudi na jibu. Na jibu, akaongeza huku akimtazama Mwanne, ni la mwenye pua.

* * *

Wiki ile nyumba ilisemezana kwa sauti za chini. Bi Kuluthumu alitaka njia ya upesi. Hakuficha sababu. Alisema ana binti mmoja tu, na binti huyo ameposwa na mtu mwenye kazi ya serikali, na mtu wa namna hiyo hangoji mwaka ukweni. Pua fupi ni pua. Wangapi wanazo na wameolewa, wamezaa? Selemani alitaka mwamba ubaki, na kila alipotoa sababu alirudi kwa Mfaume, mpaka mkewe akamwambia kwamba Mfaume amekufa na wala hataalikwa harusini. Hawakuwa wamewahi kujibizana hivyo. Selemani alitoka akaenda kukaa barazani, akazungusha gurudumu lisilokuwa na kasoro.

Mwanne hakuulizwa. Alipepeta unga na kuwasikia wote wawili.

Mabruki alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu. Bi Kuluthumu alimkaribisha ndani, akatafuta kisingizio, akawaacha, mlango ukiwa wazi kama inavyopasa. Mabruki alikaa ukingoni mwa kiti. Aliuliza habari za afya. Alieleza kwamba Kigoma watapewa nyumba ya shirika la reli, ya vyumba viwili, na kwamba kutoka pale ziwa linaonekana. Alizungumza vizuri, akiutazama mkeka.

Mwanne alimuuliza kama ameambiwa njia zote mbili. Akasema ameambiwa.

"Na wewe unataka ipi?"

"Mimi sina neno," alisema Mabruki. "Mama ndiye anayeona kwamba ile ya upesi ingefaa. Tungemaliza."

"Umeniona lakini?"

Mabruki hakuelewa. Mwanne akashusha kanga. Kijana aliinua macho, yakafika shingoni kwake, yakapanda mpaka kidevuni, yakasimama hapo. Alijitahidi, Mwanne aliona jinsi alivyojitahidi. Kisha yakarudi kwenye mkeka, na masikio yake yakaiva kwa aibu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba atamuombea. Mwanne akajifunika, akamshukuru kwa kuja. Hakumkasirikia. Alihisi tu kuchoka, kama mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali akakuta inavuja.

Usiku huohuo, wakati wa kula, aliwaambia wazazi wake kwamba amechagua njia ndefu. Selemani alianza kusema kwamba babu yake angefurahi.

"Si kwa ajili yake, baba," alisema Mwanne. "Bati lilichukua lililochukua. Hapa juu ndipo palipobaki pangu. Na nyinyi mnataka hapo napo paondolewe, ili pafanane na palipoharibika. Siwezi mimi mwenyewe kumpa mtu kipande ambacho hata bati liliniachia."

Bi Kuluthumu aliacha tonge sahanini. Aliuliza kama anaelewa anachokitupa. Mwanne alisema anaelewa. Hakuna aliyemaliza chakula.

* * *

Bi Kuluthumu ndiye aliyekwenda kukaa naye hospitali, ingawa alikwenda na uso wa mtu aliyeshindwa. Alipika katika banda la jamaa wa wagonjwa, akalala sakafuni chini ya kitanda cha binti yake, na siku za mwanzo hakuzungumza naye ila kwa lazima.

Mwanne alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, alikuwa na kitu kizito katikati ya macho. Kilikuwa nyama yake mwenyewe: mkunjo wa ngozi uliotoka kwenye paji, ukajisokota juu ya mwamba wa pua, ukashuka mpaka ncha mpya. Hakuweza kuona mbele bila kukiona. Mtoto wa kitanda cha pili alilia usiku kucha akisema kuna mwanamke mwenye mkonga, mpaka mama yake akaomba wahamishwe, na akaja kuomba radhi, jambo ambalo lilimuumiza Mwanne kuliko kile kilio.

Asubuhi na jioni mkunjo ule ulihitaji kusafishwa kwa maji ya chumvi, kwa pamba, polepole. Marcelina alifanya mara mbili, kisha akamkabidhi Bi Kuluthumu pamba. Bi Kuluthumu alisema hawezi. Marcelina akasema ataweza, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kwanza mama aliidondosha pamba. Siku zilipopita hakuidondosha tena. Alijifunza rangi: alijua weusi upi ni wa kawaida na upi wa kumwita muuguzi. Asubuhi moja, akiwa ameinama karibu kabisa, akasema kama anayejisemea kwamba mahali pamoja huku chini pameanza kuwa na joto. Mwanne akauliza kama kweli. Mama akasema njoo ushike mwenyewe, akauchukua mkono wa binti yake akauelekeza. Ulikuwa mwanzo wa kuzungumza kwao.

Selemani alikuwa akija kila apatapo lori. Siku moja alikuja bila ule mfuko wa matunda aliozoea kuuleta. Alimwamkia muuguzi, akamwita mkewe nje, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta. Mwanne aliwaona kupitia dirishani. Aliona jinsi mama yake alivyoketi chini kwenye saruji, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mzee. Walipoingia, baba alianza kueleza habari za mjini, baiskeli ya mwalimu fulani iliyoibwa.

"Wamerudi nyuma?" Mwanne aliuliza.

Selemani alivua kofia akaishika mapajani. "Wamerudi nyuma," alisema. "Wametuma wazee, kwa heshima. Mahari wamesema wanatuachia, ya matibabu. Nikawarudishia. Huenda nimekosea."

"Hukukosea," alisema Bi Kuluthumu, na mumewe akamgeukia kwa mshangao.

Harusi, aliendelea Selemani, itakuwa tarehe ileile. Amepatikana binti wa jamaa zao. Mwanne aliitikia. Aliomba aitiwe muuguzi, na Marcelina alipokuja alimuuliza, kwa upole kabisa, kama mtu mwenye uso wa namna hii anaruhusiwa kulia.

Marcelina alimtazama yeye, akawatazama wazazi. "Lia," alisema. "Ila usipenge."

Akalia hivyo, ameegemea mto, uso ameuinua juu, bila kupenga, na mama yake akayafuta machozi kwa pamba moja moja kabla hayajafika kwenye mshono.

* * *

Ulimi wa ngozi ulikatwa Mwanne akiwa macho, kwa sindano ya ganzi. Bandeji zilipotolewa Marcelina alimletea kioo, akasimama karibu. Juu, mwamba wa pua ulikuwa uleule, umenyooka. Chini yake palikaa ncha nene, nyeusi kuliko uso wote, imevimba kama donge la unga lililobandikwa na mtoto. Kovu lilipanda katikati ya paji mpaka kwenye nywele. Na kwenye ncha, kwa sababu ngozi ilitoka karibu na nywele, kulikuwa kumeota nywele tatu nne za malaika ambazo Marcelina alimwambia awe anazing'oa kwa kibano.

Mwanne alijitazama kwa muda mrefu. Pua haikuwa nzuri. Alifumba mdomo, akavuta hewa, ikaingia matundu yote mawili kwa pamoja, baridi, bila kelele. Akavuta tena.

Selemani alikuja kuwachukua. Alimwangalia binti yake kwa makini, na Bi Kuluthumu alijua anamtafuta nani. Alikaza macho pale juu, akayashusha kwenye lile donge, akayapandisha tena.

"Unapumua?" aliuliza hatimaye.

"Napumua, baba."

"Basi," alisema Selemani, akabeba mzigo.

* * *

Mabruki alioa, akahamia Kigoma. Siku ya harusi ngoma zilisikika mpaka kwao, na Bi Kuluthumu alikaanga vitumbua mara mbili zaidi ya siku zote, akaviuza vyote. Uvimbe wa pua ulipungua kidogo kidogo. Weusi ulibaki. Watoto wa mtaani walimpa Mwanne jina kwa majuma kadhaa, kisha wakachoka nalo wakahamia kwa kilema mwingine. Hakuna mposaji mwingine aliyepiga hodi. Bi Kuluthumu alikuwa bado akiamka usiku kuhesabu umri wa binti yake, na Mwanne, aliyelala chumba cha pili, alimsikia akigeuka kitandani.

Alizoea kutoka na kanga kichwani tu, kwanza mpaka kisimani, kisha mpaka kwa jirani. Kwenda sokoni alikuwa hajathubutu. Lakini asubuhi moja habari ilienea kwamba katika duka la ushirika imeteremshwa sukari. Selemani alikuwa na homa. Bi Kuluthumu alikuwa na mafuta yanayochemka. Alimtazama Mwanne, na Mwanne akachukua kikapu.

Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Alisimama nyuma ya mwanamume mwenye gunia tupu begani, jua likimpiga usoni wazi. Alingoja kusikia minong'ono. Alijua mahali inapoanzia: nyuma, kushoto, kwa wanawake. Mstari ulisogea, ukasimama, ukasogea. Mwuzaji alikuwa akipima polepole na kugombana na watu. Mtoto alijikojolea. Mtu fulani akasema waliopata ni jamaa za mwenyekiti, na mwingine akamwambia afunge mdomo wake. Kwato za punda ziliinua vumbi, Mwanne akapiga chafya, na aliyekuwa mbele yake akasema, bila kugeuka, afya.

Kisha akahisi kiwiko mbavuni.

"Wewe mwenye kikapu, sogea bwana," alisema mwanamke mnene wa nyuma yake, jasho likimtiririka. "Umelala? Wenzio wanatupita hapo ubavuni."

Mwanne aligeuka kabisa akamtazama. Yule mwanamke naye akamtazama, moja kwa moja usoni, macho kwa macho, na alichokuwa nacho machoni kilikuwa hasira ya sukari tu.

"Nasogea wapi, mama, nimpande huyu mgongoni?" alisema Mwanne. "Na wewe kiwiko chako kiweke kwako."

"Basi mzibe huyo anayejipenyeza, usiachie nafasi."

Mwanne akaziba nafasi. Walikaa hivyo wamebanana, wakimlaani mwuzaji kwa zamu, hadi jua lilipofika utosini na ikatangazwa kutoka mlangoni kwamba sukari imekwisha. Watu walinung'unika, wakasimama kidogo kana kwamba tangazo linaweza kurudishwa, kisha wakaanza kutawanyika. Yule mwanamke akakung'uta kanga yake, akasema wataonana Alhamisi, wamesema labda italetwa nyingine. Mwanne akasema inshallah, akaweka kikapu kitupu kichwani, akarudi nyumbani amechoka, miguu ikimuuma kama ilivyowauma watu wote.